Kisanduku cha Simu cha Mama Mkubwa

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nawaambia "ya simu," na wengi huishia hapo, wakidhani nauza kava na chaja kwenye vibanda vya chini. Sijisumbui kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba nakaa mbele ya kompyuta, ghorofa ya nne ya jengo moja katikati ya Nairobi ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika, na kazi yangu ni kuviamrisha visanduku vilivyo majumbani na madukani mwa watu bila kuvigusa.

Kisanduku chenyewe si kitu cha kujivunia. Cheusi, kinaenea kiganjani, kina taa ndogo za kijani. Upande mmoja unachomeka waya wa intaneti, upande wa pili unachomeka simu ya mezani, ile ya kawaida yenye mkono wa kuinua. Kikiwashwa hakijui lolote, hata namba yake hakiijui. Kitu cha kwanza kinachofanya ni kuiuliza seva yetu, ile kompyuta kuu ya kampuni: mimi ni nani, namba yangu gani, niite kwa sauti ipi? Seva inakijibu, nacho kinaanza kazi. Kwa hiyo mambo yote hubadilishwa huku kwetu. Mwenye duka la vitambaa Ngara akitaka simu yake iite kwa muda mrefu zaidi, au fundi wa Kabiria akitaka namba nyingine, naandika mstari mmoja, kisanduku kinaamka upya, basi. Wengi wa wateja wangu sijawahi kuwaona sura.

Wao wananijua kwa sauti, na sauti yangu si asali.

"Madam, hii simu yenu imekataa."

"Imekataa nini, kuolewa? Umezima ukawasha?"

"Bado."

"Zima, hesabu mpaka kumi, washa. Ikikataa tena ndio unipigie."

Mara nyingi tatizo huishia hapo, na anayepiga tena hupiga kulalamika kuhusu mimi. Meneja wetu alishaniita kwa ajili hiyo. "Wewe kazi unaijua, lakini hiyo mdomo yako itatumalizia customers," aliniambia. Nikamwambia basi anitafutie mdomo mwingine, huu ndio niliozaliwa nao. Alicheka, lakini si sana.

Mdomo wangu nimeurithi kwa Mama Mkubwa, dada wa mamangu, ambaye ndiye aliyenilea. Alitoka Mombasa akiwa bibi harusi, mumewe akiwa karani huku mjini, wakapanga nyumba Ngara, ghorofa ya kwanza, na hapo hapo akawa mjane na hapo hapo akazeeka. Kwa miaka alisomesha watoto wa majirani Kurani sebuleni mwake, mpaka magoti yakamkataa na kelele za watoto zikamchosha. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kuzaa, binti, mdogo kwangu, na huyo binti akaamua kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani.

Mama Mkubwa hakumkataza. Alinuna wiki nzima, akamfungia mizigo mwenyewe, akaifungua, akaifunga tena.

Wasiwasi wangu mimi ulikuwa namba. Mama Mkubwa na simu za mkononi walikuwa hawapatani. Moja aliibiwa sokoni Ngara mchana kweupe, nyingine aliitia kwenye ndoo ya nguo, na laini ya tatu matapeli walimhadaa wakaichukua yeye akiwaambia ahsanteni. Kila mara namba mpya. Ndipo nikamfungia kisanduku chetu na simu ya mezani, na namba nikaichagua mwenyewe, rahisi, inayopanda na kushuka kama ngazi. Nikamkalisha mdogo wangu sebuleni na kumkaririsha kama mtoto wa chuo cha Kurani. Aliiimba namba ile huku akikunja nguo, akinikejeli: "Nimehifadhi, ustadhati, nipe juzuu nyingine."

Alipofika huko waajiri walimnyang'anya pasipoti na simu ya mkononi siku ile ile. Akabaki na kilichomo kichwani, na kichwani mlikuwa na namba moja. Alipiga pale alipoweza: mwenye nyumba akitoka na wanawe, au akiazima simu ya mfanyakazi wa jirani. Dakika mbili, tatu. Alituonya tusipige kamwe kwenye namba aliyotumia, kwa sababu simu si yake na atakayepata taabu ni yeye. Kwa hiyo sisi hatukuwa na njia ya kumfikia. Namba ya Ngara ikifa, yeye na mamake ndio basi.

Kwa hiyo nilikihudumia kisanduku kile kuliko vya wateja wakubwa wote. Nikiwa pale pale ofisini nilimpandishia sauti ya mlio mpaka juu, nikarefusha muda wa kuita ili magoti yamfikishe. Jioni alinipigia.

"Wewe ndiye uliyenipandishia sauti? Leo imelia jirani akagonga ukuta!"

"Ndiye mimi."

"Yarabi! Na humo ndani waniona?"

"Nakuona. Umevaa deraa la buluu na umekaa vibaya."

Akapiga ukelele, akaitupa simu, akaniacha nikicheka peke yangu na kichwa cha meneja kimechungulia mlangoni.

Kitu kimoja tulichogombana ni soketi. Mama Mkubwa alikuwa na desturi ya watu wengi wa mji huu wanaoiogopa stima: kabla ya kulala alizunguka nyumba nzima akizima ukutani. Friji, televisheni, pasi ambayo haikuwa hata imechomekwa, na kisanduku. Moto, alisema, na tokeni za stima zinaisha.

"Mtoto akipiga usiku je?" nilimuuliza.

"Mwanangu hanipigii usiku. Nimemlea, namjua."

"Shida haina adabu, Mama Mkubwa."

"Na wewe huna. Nenda kalale."

Alikiwasha alfajiri, akishasali. Kikiwashwa, kinaiuliza seva, na seva inaandika kwamba kimeamka. Ndivyo nilivyopata mazoea ambayo sikumwambia mtu. Nilipofika ofisini asubuhi, kabla ya chai, kabla ya kumjibu yeyote, niliangalia kisanduku cha Ngara kimeamka saa ngapi. Kimeamka alfajiri: Mama Mkubwa ameamka, amesali, magoti yanambeba. Kimechelewa: nampigia. "Leo vipi?" "Baridi, mwanangu. Imeniingia mifupani." Basi nanunua dawa ya kuchua, jioni napitia Ngara. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ile yangu angalau iliniambia nyoka yuko wapi.

Meneja aliniuliza siku moja, "Kila asubuhi unaangalia nini hapo?"

"Mteja," nikamwambia.

Halafu ikaja ile simu. Sikuwepo, alinihadithia mwenyewe. Mtoto alipiga asubuhi, na laini ikawa mbovu, inakwaruza, maneno yanakatika. "Mama, wanisikia? Mama?" Mama Mkubwa alimsikia nusu nusu. Akakumbuka yale ninayomwambia kila mtu, yale niliyomfundisha yeye mwenyewe siku niliyomfungia. Akamwambia, "Ngoja, mwanangu, nakutengenezea," akainuka na magoti yake, akaenda ukutani, akazima. Akahesabu mpaka kumi. Akawasha.

Bila shaka laini ilikatika. Yeye akakaa kwenye kiti akisubiri imrudishie mtoto wake ikiwa safi.

Alinipigia adhuhuri imepita. "Nimefanya ulivyonifundisha," akasema. "Nimehesabu kumi kamili, sikuiba hata moja. Mbona hayumo?"

Nilimwambia simu ikizimwa mazungumzo hukatika, lakini asijali, atapiga tena.

"Atadhani nimemkatia?"

"La. Anajua wewe na mitambo."

"Wallahi sikumkatia."

"Najua, Mama Mkubwa."

Niliumia. Nilijua vizuri kwamba mtu aliyeiba dakika tatu kwenye nyumba ya watu, akasikia simu imekufa mkononi, atadhani chochote.

Tangu siku ile hakukizima tena. Usiku alizunguka kama kawaida, friji akazima, televisheni akazima, kisanduku akakiacha. Swichi yake aliibandika plasta ya kidonda ili hata mgeni asiiguse. Akavuta godoro lake sebuleni, akalitandika chini ya meza ya simu. Harusi ya mtoto wa kaka yake Mombasa hakwenda. Nguo akawa anaanika dirishani, hapandi tena juu kwenye kamba, kwa sababu kule juu mlio hausikiki. Tukija kumtembelea, hakuna anayeruhusiwa kukaa karibu na simu.

Na mimi, fundi, nilifurahi. Hatimaye amenisikia! Kwenye kompyuta yangu kisanduku cha Ngara kilikuwa macho mchana na usiku, hakilali, hakiamki. Nilikuwa nakitazama asubuhi kwa mazoea tu, nakiona hewani, naendelea na chai yangu. Sikufikiri kwamba kwa hilo nimepoteza njia yangu ya kujua kama yeye ameamka.

Mwezi ukapita bila simu. Wa pili. Jumamosi nilimpelekea mahamri na samaki, nikamkuta anakula nusu na kuniambia ameshiba. Alikonda mpaka bangili ikawa inamtoka. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniudhi, ningependa angenitukana kama zamani.

Asubuhi ya kifo chake ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi inayofanya mchana ufanane na jioni. Nilifika, nikaangalia, hewani. Nikanywa chai. Nikagombana na mtu mmoja wa Westlands aliyedai tumemuuzia uchafu. Kabla ya saa sita jirani wa Mama Mkubwa akanipigia, mama mmoja Mluhya wa ghorofa ya juu aliyekuwa akimletea maziwa.

"Nimegonga mpaka nimechoka. Hafungui."

"Yupo," nikamwambia. "Mbona simu yake iko hewani?"

Nilisema hivyo hasa. Jirani akaniambia, taratibu, "Dada, kuja tu."

Kutoka kazini mpaka Ngara kwa miguu si mbali. Nilikwenda nikikimbia na kutembea, nikipigana vikumbo na watu, na nusu ya njia nilikuwa namkasirikia jirani kwa kunitisha. Tulivunja komeo. Alikuwa kwenye godoro, amelala ubavu, uso ameuelekeza kwenye simu, tasbihi imemteleza mkononi. Alikuwa amepoa kabisa. Wanawake waliomwosha walisema aliondoka kabla ya alfajiri. Juu ya meza taa za kijani zilikuwa zinawaka vizuri, hakuna hata moja iliyopepesa. Nilizichukia taa zile na bado nazichukia, naziona kazini kila siku ya Mungu.

Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi, makaburi ya Kariokor. Mjomba wangu, kaka yake, alifika kutoka Mombasa kesho yake, na tanga lilipotulia akatukusanya sebuleni. Agizo lake lilikuwa moja. Mtoto aliye ugenini hapewi msiba kwa simu. Hana wa kumshika, hana wa kumpa maji, ataanguka kwenye nyumba ya watu na watamtupa nje. Akipiga aambiwe mamake ameenda Mombasa kwa kaka yake kupunga upepo. Akirudi nyumbani ndipo atakapoambiwa, akiwa kati ya watu wake.

Wote waliitikia. Ndivyo tunavyofanya sisi, na wengi mle chumbani walikuwa wamewahi kufanyiwa hivyo wenyewe.

"Na akirudi baada ya miaka?" nikauliza. "Akijua alikuwa anamsalimia maiti?"

"Chunga ulimi wako," mjomba akasema.

"Mamake ni wake, mjomba. Si wetu."

"Ndio maana tunamstahi. Wewe utafanya nilivyosema."

Asiyekuwepo na lake halipo. Walimpangia msiba wake wakala pilau wakaondoka, na mimi nikaachiwa simu.

Nyumba ikarudishwa kwa mwenyewe. Mimi nikabeba kisanduku na simu ya mezani ndani ya kikapu, nikavipeleka kwangu Mountain View, nikavichomeka karibu na dirisha linalotazama Waiyaki Way. Kikawaka, kikaiuliza seva, mimi ni nani? Seva ikakijibu: wewe ni yule wa Ngara. Kisanduku hakijui kimehamishwa, wala anayepiga hawezi kujua. Nikaandika pia kwamba nikiwa sipo, mlio uje kwenye simu yangu ya mkononi.

Baadaye kidogo meneja alikuwa anasafisha namba zisizo na wenyewe ili ziende kwa wateja wapya. Akaja mezani kwangu.

"Hii ya Ngara, mwenyewe si alipass away? Tuirudishe?"

"Iguse uone."

Alinitazama. Akasema pole, akaenda zake, na namba ile hakuitaja tena.

Nilijifunza uongo kama nilivyomkaririsha mdogo wangu namba. Nikiosha vyombo: "Mama ameenda Mombasa kwa mjomba." Nikipanda ngazi za ofisini: "Ameenda Mombasa, mzima, anakusalimia." Siku nyingine nilijiambia nitamwambia ukweli na mjomba na afanye atakalo. Siku nyingine niliomba asipige kamwe, kisha nikaingiwa na hofu Mungu asije akalipokea ombi hilo, nikaomba apige. Simu ililia mara mbili tatu, watu wamekosea namba, na kila mara niliwajibu vibaya.

Alipiga Jumapili, alasiri. Kulikuwa na manyunyu, nilikuwa napiga nguo pasi. Nikainua.

"Hallo?"

Laini ilikuwa safi, hata pumzi nilizisikia.

"Dada?" akasema. "Mbona umepokea wewe?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Mama ameenda..." nikaanza, na nikasikia mwenyewe jinsi ulivyo wa kijinga. Simu ile haikuwahi kupokelewa na mtu mwingine. Hata nyumba ikiwa imejaa wageni, hata awe anatawadha, Mama Mkubwa aliinuka na magoti yake akaishika yeye. Mjomba na hekima zake zote hakulifikiria hilo, na mimi niliyekuwa nayo nyumbani sikulifikiria. Kwa kuinua tu nilikuwa nimeshamwambia.

"Lini?" akauliza.

"Julai."

"Aliugua?"

"Hapana. Usingizini."

"Nani alikuwa naye?"

Ningeweza kumdanganya hapo, na labda ningesamehewa.

"Alikuwa peke yake," nikamwambia.

Nikasikia anavuta hewa, mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeingizwa kwenye maji baridi. Nikaanza kulia mimi. Nikamwambia, "Lia, mdogo wangu, niko hapa, sikati."

"Siwezi," akasema. "Wamerudi."

Nyuma yake mlango ulifunguliwa, watoto wakapiga kelele, na sauti ya mwanamke ikamwita kwa Kiarabu, ndefu, yenye kuuliza. Naye akaitikia.

"Aiwa, madam!"

Sauti ilikuwa nyepesi kabisa, ya kawaida, ya mtu ambaye hakuna lililompata. Kisha akaiweka simu chini, polepole, isisikike.